Milimita Sita za Bawa

Chumba cha Vipimo,
Kituo cha Ndege wa Baharini.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama anasema umeanza kupanda ngazi bila mkongojo. Nakujua, ungepanda hata daktari akikukataza. Sisi hatujambo. Mama bado anakohoa asubuhi, ila ulimi wake ni mzima kabisa.

Kilichonikalisha kitini leo ni kazi. Unawakumbuka wale shakwe ishirini niliokuambia tumewahamishia kisiwa kingine, madume kumi na majike kumi? Kwa macho huwezi kuwatofautisha, kwa hiyo nilitumia kipimo chako: bawa likizidi milimita mia nne ni dume, lisipofika ni jike. Huu ni mwaka wa pili wanataga, na mayai mengi hayaanguliwi.

Tukawapima damu. Kati ya madume yangu kumi, sita ni majike, na mayai yao hayana mbegu.

Nilidhani nimesoma rula vibaya. Nikapitia daftari lote, sikuona kosa. Kisha shakwe mmoja akatufia mikononi. Nilimpima bado ana joto, bawa likawa 403. Nilipompasua nikakuta vijiyai tumboni. Nikamkausha, na juzi nikampima tena: 397. Mjomba, ndege akikauka hunywea. Na ile mia nne yako uliipata kwa ndege wakavu waliohifadhiwa kabatini, si kwa walio hai.

Nimelia, sikufichi. Wewe ndiye uliyenifundisha kumshika ndege bila kumvunja hata unyoya. Mkuu wa kituo angeridhika nikisema mayai yanaharibika kwa sababu samaki wamepungua, na nilishaandika hivyo. Nimefuta. Mwezi ujao tunahamisha shakwe thelathini waliobaki, na tukikosea tena hakuna wengine.

Kosa ni langu pia. Miaka saba nimetumia kipimo hicho bila kuuliza kilitoka wapi.

Nisalimie sana mkaza mjomba, na binamu Kidevu mwambie kimya chake kimezidi. Mungu akupe afya na moyo mwepesi.

Ripoti itasomwa mbele ya wote mwisho wa mwezi, na jina lako limo, maana kipimo wanakiita kwa jina lako. Sikutaka uyasikie kwa mtu mwingine. Chini ya sahihi yangu nimeacha nafasi ya sahihi yako. Usipotaka, nitasimama peke yangu, na upendo wangu kwako hautapungua.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Kiherehere