Kidole Kidogo Kwenye Uzi wa Chini

Dada Koku,

Shikamoo. Nimeshindwa kuanza bila hiyo, ingawa najua sitaisikia marahaba yako.

Ukulele yako, kile kigitaa chako cha nyuzi nne, iko kwangu hapa Bugene. Shemeji aliileta baada ya matanga, imefungwa kwenye kitenge chako cha kijani. "Koku alisema ni ya Asimwe," akaniambia, akageuka na kuondoka haraka. Niliitundika ukutani. Nikawa napita chini yake bila kuitazama.

Walionifanya niishushe ni watoto wako wa shule ya Jumapili. Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, na ule wimbo uliowatungia hakuna aliyejua kuupiga. Walijaribu na kinanda, wakasema sio wenyewe. Kweli, haukuwa wenyewe. Kinanda kilitoa sauti zote kwa mkupuo, wakati wewe ulikuwa unazidondosha uzi mmoja mmoja, na kabla ya kutulia kwenye ule mpigo wa G unaoleta kiitikio unaongeza kidole kidogo kwenye uzi wa chini, sauti inabaki inaning'inia.

Kidole kidogo! Dada, umenitesa. Changu kimekakamaa kwa jembe. Nikitoka kupalilia kibanja cha migomba nilikaa jikoni, ndizi zikiiva, nafanya hilo moja tu: weka, toa, weka, toa. Uzi unakwaruza, unalia kama bati. Nikakumbuka siku ile barazani kwako Rugu, uliponipiga kikofi mgongoni: "Wewe Asimwe, unakimbilia wapi? Iache ining'inie kwanza, watu waitamani."

Kuna jambo hulijui. Tangu tukuzike, Mama alikuwa hajaimba. Mama huyu huyu aliyekuwa anaimba hata akimenya ndizi! Kanisani alisimama na wenzake, mdomo umefungwa. Hatukumlazimisha.

Siku ya mavuno alikaa benchi la pili. Watoto walijipanga mbele, kando ya mikungu ya ndizi na magunia ya maharage, binti yako Neema katikati. Nikaanza. Vidole vilitii, sijui vipi. Beti mbili zikaenda. Tukafika pale kabla ya kiitikio, nikaweka kidole kidogo, sauti ikaning'inia, na nikakuona. Basi. Sikuweza kukitoa. Nikawa narudia nyuzi zile zile, machozi yanadondokea mbao, watoto wananitazama, wanasubiri.

Ndipo nikasikia kiitikio kinaanza kutoka benchi la pili. Sauti imekauka, inapasuka katikati, lakini ni yake. Mama. Peke yake.

Nikatoa kidole. Watoto wakaupokea wimbo, kanisa zima likafuata.

Tulipotoka nje alinishika mkono, akavikagua vidole vyangu kimoja kimoja kama anachambua maharage. "Koku alikuwa anapiga taratibu zaidi," akasema. Tukacheka, Dada. Tulicheka mpaka Shemeji akaja kuuliza kuna nini.

Jana Neema alikuja kwangu. "Mama mdogo, na mimi nifundishe." Nikampakata, nikamwekea mkono wake kwenye ukulele. Vidole bado vifupi, havizifikii nyuzi zote. Nitamngoja, Dada. Vitakua niko hapa hapa, na nitamfundisha polepole, ulivyotaka wewe.

Pumzika, Koku wetu.

Mdogo wako,
Asimwe