Nyonga Yangu, Bima ya Bwana Kesho

Jumatatu, 4 Machi
Nyonga imegoma. Nilikuwa saluni namsuka mteja, nikataka kuhamia upande wa pili – mguu ukabaki ulipokuwa. Nikamkumbatia mteja mabega kama tunacheza dansi. Akacheka, akadhani namtania. Nikacheka pia. Mtu mzima kulia mbele ya draya haipendezi.

Alhamisi, 7 Machi
Daktari wa mifupa kanionyesha picha. Gegedu ya nyonga ya kushoto imelika, mfupa unasaga mfupa. Nikajitetea kwamba ni uchovu wa kusimama tu. Akasema dawa ya kuchua ninayojipaka inayafaidisha mashuka tu. Kinachotakiwa ni nyonga ya bandia. Bima italipia upasuaji na mazoezi ya viungo, mradi kadi iwe hai.

Kadi! Mimi ni mtegemezi kwenye bima ya mume wangu. Mume huyo huyo ninayemdai talaka tangu ahame. Kila nikimwita tukasaini, jibu ni kesho, hadi saluni nzima inamwita Bwana Kesho.

Jumamosi, 9 Machi
Bwana Kesho kapiga simu. Yuko tayari kusaini, Ijumaa ijayo. Kwa upole kabisa, eti amenichelewesha mno. Miaka yote hiyo, leo ndipo haraka imemshika. Nikasema Ijumaa nina shughuli. Shughuli gani? Nikasema nasafisha makabati.

Jumapili, 10 Machi
Dada yangu anataka nimwambie Bwana Kesho ukweli. Nikasema afadhali nitambae. Akanitazama nikienda chooni kwa kushikilia ukuta.
"Mbona umeshaanza," akasema.

Jumanne, 12 Machi
Ofisi ya bima. Nimeuliza kama naweza kujiunga peke yangu. Binti wa kaunta ana adabu mno. Naweza, ila ugonjwa nitakaoingia nao haulipiwi mpaka mwaka uishe. Akauliza kama kuna lingine angenisaidia. Nikaomba kiti.

Alhamisi, 14 Machi
Nimempigia Bwana Kesho. Hotuba niliyoiandaa ikayeyuka yote.
"Naomba uendelee kuwa mume wangu mpaka nitengenezwe nyonga."
Akasema, "Ya kushoto, siyo? Hata kabla sijahama nilikuwa nakuona unavyoegemea sinki ukiosha vyombo."

Alikuwa ananiona! Nikapandwa na hasira, sijui za nini. Kisha akaeleza haraka yake: mwanamke anayeishi naye sasa anaisubiri talaka hiyo, ndoa yao imeshapangwa. Akasema ataongea naye.

Ijumaa, 22 Machi
Mapokezi ya hospitali. Ili kibali cha upasuaji kitoke, mwenye bima lazima afike mwenyewe. Kafika. Na yule mama anayeishi naye kaja pia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia vizuri, hata nimevaa hereni. Kaniona nahangaika kukaa, kanishika kiwiko, kanikalisha. Ana mkono imara. Nikajisikia nikisema asante.

Karani kauliza mke ni yupi. Tukatazamana watatu. Nikainua mkono, kama mwanafunzi. Yule mama akainamisha macho.

Karani kaingia ndani na kadi, bado hajatoka. Tuko benchi moja, mimi katikati, naandika nionekane nina kazi. Sasa hivi yule mama kaniuliza, polepole, mtu akishabadilishwa nyonga huchukua muda gani kupona.

Najua anachouliza. Bwana Kesho kaacha kuchezea simu yake. Naye anasubiri nijibu.