Maombi ya Kumsimamisha Ng'ombe wa Maputo Mlangoni pa Klarisa

Kwako Bwana Anastazi, mwenye stendi ya maputo ya Kicukiro, uliyetangulia mbele ya haki,

Mimi, Venansi, mwandishi wa barua za watu, rafiki yako na mshirika wako katika kazi ya maputo, ninakuandikia kwa heshima zote nikiwa na dhumuni moja: kuomba uamuzi wako juu ya jambo linalohusu siku ya kuombwa kwa binti yako Klarisa. Ninatambua kwamba hukupenda barua ndefu. Nilipokuwa nikimwandikia mama mmoja maombi ya kuunganishiwa maji, uliinama begani kwangu ukasema, "Venansi, mpaka umalize salamu huyu mama atakuwa amekufa kwa kiu." Siku hiyo nilikasirika. Leo ningetoa salamu zote nilizowahi kuandika ili unikatize mara moja tu.

Hata hivyo utaratibu ni utaratibu, na kabla ya kufika kwenye ombi lenyewe sina budi kukuarifu hali ya mambo tangu ulipotutoka.

Stendi ipo. Mabomba ni yaleyale uliyoyachomelea mwenyewe, ila nimeyapaka rangi nyeupe, kwa kuwa ile nyekundu ilikuwa ikishika joto na kuyaumiza maputo ya pembeni. Mwavuli ni mpya. Juu kabisa bado natundika samaki na vipepeo wa kung'aa ninaowanunua Muhima. Katikati naweka maputo ya nyuso, kwenye usawa wa macho ya mtoto aliye mgongoni. Chini naweka yale ya vijiti, kwa ajili ya mtoto anayetembea. Sijabadilisha mpango huo. Ulisema kwamba mama hachagui puto, mama hufuata kidole cha mtoto, na mpaka leo sijaona mama aliyefanya vinginevyo.

Nyuso sasa ninazichora mimi. Wateja wanasema zimekuwa na adabu. Zako zilikuwa zikicheka. Zangu zinaonekana kama watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa ofisini. Msichana mmoja mdogo aliliangalia puto moja kwa muda mrefu, akamwambia mama yake, "Hili linafanana na mwalimu wetu." Lakini alilichukua, na alipofika barabarani alikuwa akilifundisha kusoma.

Asubuhi, wakati wa baridi, sijazi puto mpaka mwisho. Ninaliacha lilegee kidogo, kwa sababu jua la saa sita litakuja kulijaza sehemu iliyobaki. Nilikuwa nikidhani hiyo ni mbinu yako ya kuokoa nguvu za mkono. Sasa ninaelewa.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu, sitakuficha. Nilikuwa najaza puto, nalifunga, nageuka ili nikupe ulitundike. Nageuka na puto mkononi. Halafu nasimama hivyohivyo, watu wanapita. Muuza chaja za simu wa jirani alikuwa akijifanya anapanga nyaya zake. Siku hizi sigeuki, au nageuka mara chache, na ninapogeuka ninacheka. Niko vizuri, Anastazi. Naona haya kidogo kuandika neno hilo katika barua ya namna hii, lakini ndiyo hali halisi: napenda kuamka, napenda kufungua stendi, napenda ile sauti ya mpira mpya unapokubali hewa ya kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Klarisa amepata mchumba. Ni kijana wa karakana ya pikipiki, anaitwa Fabrisi, mtaratibu, anazungumza akiangalia viatu vyake. Jumamosi hii ndiyo siku ya gusaba, ambapo wakwe watakuja kumwomba kwa maneno na kwa ng'ombe kama ilivyo desturi. Shughuli itafanyika Gahanga, uani kwako, kwenye ile nyumba uliyoiacha haina dari. Dari imewekwa.

Binti yako ameomba kitu kimoja tu. Anamtaka yule inyambo wako: ng'ombe mkubwa wa maputo ya kahawia na meupe, mwenye pembe ndefu zinazopanda juu kama mikono ya mcheza ngoma, asimame kando ya mlango anaotokea binti kuja mbele ya wageni. Uliwasimamishia mabinti wengi wa watu ng'ombe huyo. Klarisa alikuwa akija pamoja nasi kubeba mifuko ya maputo, na alikuwa akiwatazama wakitoka. Aliniambia maneno haya, nami nayanukuu kama alivyoyasema: "Baba mdogo, wenzangu wote wametokea mlango wa Baba. Mimi nitokee wapi?"

Nilimjibu kwamba suala lake limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Mpingaji ni dada yako Felisita. Kwenye kikao cha familia alisimama, na unajua Felisita akisimama. "Yewe Klarisa! Ng'ombe ya upepo? Wakwe wanaleta ng'ombe ya kweli, iko na kwato, iko na mkia, halafu sisi tunawaonyesha mpira? Na ikipasuka kama ile siku?"

"Ile siku, shangazi, watu walifurahi," Klarisa akasema.

"Walifurahi wao. Mimi nilikuwa karibu na hiyo bomu."

Bila shaka unaikumbuka siku hiyo. Ilikuwa palepale Gahanga, kwa jirani yako aliyekuwa akimtoa binti yake. Mchunga ng'ombe, yule msifu ng'ombe wa shughuli, alikuwa amerudi kutoka kuwakagua ng'ombe wa wakwe, fimbo begani, anawasifu kwa majina yao ya fahari, sauti inapanda, inapanda, na palepale juu kabisa tumbo la ng'ombe wetu likapasuka. Wazee wa upande wa pili wakatazamana, kwa maana ng'ombe anayekufa siku ya kutolewa hachekwi, hata akiwa wa mpira. Soda ya Felisita ilimwagikia mshanana wake, lile vazi la hariri la sherehe. Mimi nilikuwa nimesimama na uzi mkononi, nikitunga kichwani barua ya kuomba radhi.

Wewe ulitembea taratibu mpaka nyuma ya ng'ombe, ukainama, na vidole vyako vikafanya jambo ambalo hakuna aliyeliona. Ukainuka na ndama mdogo wa kahawia, ukasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya kawaida, "Amezaa!"

Mchunga ng'ombe hakupepesa jicho. Akamwongeza ndama kwenye sifa zake. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Mzee mmoja wa upande wa wakwe akadai kwamba ndama ni wao, kwa kuwa mama yake amezalia mbele ya macho yao, na wasemaji wa pande mbili wakabishana juu ya puto kwa raha zaidi kuliko walivyobishana juu ya ng'ombe.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Felisita anakumbuka mlio na soda. Na sitaki kumdharau, kwa sababu hofu yake ninayo hata mimi. Ng'ombe akipasuka Jumamosi, wewe hutakuwepo. Mimi si mwepesi. Nitaanza kusema "Waheshimiwa wageni waalikwa," na kabla sijafika kwenye kitenzi, mambo yatakuwa yameharibika.

Kikao kilikwama. Klarisa akatoka nje. Felisita akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba mlango wa nyumba ni wa baba wa msichana, na baba ndiye anayeamua kitu gani kisimame hapo. Nikamkumbusha kwamba baba ni marehemu. Akanigeukia: "Si wewe ni mutu wa balua? Andika basi, umuulize mwenyewe!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Niliona kwamba, kwa kweli, ndiyo njia sahihi.

Kesho yake Felisita alikuja stendini. Alisimama akizungukazunguka kama mteja asiyejua anachotaka, mwishowe akauliza, "Umeandika kweli?"

"Ni rasimu ya kwanza," nikamjibu.

Alikaa kwenye kigoda chako. Hakuna aliyekuwa amekikalia tangu ulipotutoka, lakini sikumzuia. Akauliza utajibu vipi. Tulilijadili jambo hilo kwa uzito wake, na tukafikia makubaliano yafuatayo: Alhamisi asubuhi ng'ombe atajazwa, atasimamishwa mahali pa wazi, bila mwavuli, mpaka jua lizame. Akibaki amesimama, umekubali. Akipasuka, umekataa, na mimi nitayabeba mabaki yake nyumbani bila kunung'unika, na Klarisa ameridhia hivyo.

"Lakini hii si ramuli, eh?" Felisita akasema. "Mimi niko mukristo."

Nikamhakikishia kwamba si ramli. Ni mashauriano.

"Na pampu nitashika mimi. Wewe utaweka hewa kidogo ili isipasuke. Nakujua."

Nakiri mbele yako kwamba wazo hilo lilikuwa limekwisha nipitia, na alipolitaja nilitazama pembeni. Hivyo ndivyo dada yako alivyoanza kujifunza kujaza maputo. Amekuwa akija kila alasiri akitoka sokoni. Mara ya kwanza alikuwa anafumba macho kila anaposukuma pampu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayechomwa sindano. Siku ya pili alifumbua jicho moja. Sasa anawagombeza wateja: "Usifinye, sha! Unafinya puto kama nyanya?" Akina mama wanamwogopa na watoto wanampenda, nami nimeacha kujaribu kuelewa. Juzi alimwambia mtoto aliyelia kwa sababu puto lake limemponyoka, "Usilie, imeenda kusalimia watu wa Bugesera," kisha akamjazia lingine kabla sijatoa idhini.

Pembe ni kazi yangu. Nilijifundisha, Anastazi, kwa kukumbuka mikono yako tu. Ng'ombe wangu wa kwanza alikuwa na huzuni sana hata muuza chaja akaniuliza, "Mzee, mbwa huyu ni wa aina gani?" Nilikuwa nikijaza puto refu lote, na kila nilipolipinda lilipasuka, kwa sababu hewa haikuwa na pa kwenda. Ilinichukua muda kugundua kwamba wewe ulikuwa ukiacha mkia mtupu mwishoni, ukilikanda puto kwa kiganja polepole mpaka joto la mkono lilishawishi kujikunja. Sasa zinakunjika. Si ndefu kama zako, lakini zinapanda, na zote mbili zinaelekea upande mmoja, jambo ambalo hapo awali halikuwa na uhakika.

Kuna kitu kingine nilichokiona, nami nakuarifu kwa sababu ni haki yako kukijua. Jana Felisita alijaza puto la tumbo, na kabla ya kulifunga alilisogeza sikioni. Akasikiliza. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Mimi sifanyi, sijawahi kufanya. Ulikuwa unafanya wewe. Aliliweka sikioni, akatoa hewa kidogo sana, akasikiliza tena, akafunga. Nilijifanya natafuta uzi chini ya meza. Nilikaa huko chini kwa muda.

Baadaye nilimsomea barua hii mpaka hapa ilipofika. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Alisema, "Hiyo ya soda, uitoe." Sikuitoa, kwa kuwa maelezo ya mwombaji yanapaswa kuwa kamili. Kisha akaanza kuyahesabu maputo kwenye stendi bila sababu, na mwishowe akauliza kama barua moja inaweza kuwa na waombaji wawili.

Nikamjibu kwamba inaruhusiwa.

Basi, rafiki yangu, hapa nafikia mwisho. Ninaahidi kwamba Alhamisi hewa itawekwa kama ulivyokuwa ukiiweka wewe, bila kupunguza ili kukwepa jibu lako na bila kuzidisha. Ninaahidi kwamba mwavuli utabaki umefungwa, hata jua likiwa kali kiasi gani, hata nikitamani. Na ninaahidi kwamba uamuzi wowote utakaoutoa, binti yako hatautokea mlango ule peke yake: nitatembea kando yake, kimya, na nimekwisha mwambia kwamba sitatoa hotuba.

Pumzika vizuri, Anastazi. Huku tuna afya, mvua zimepungua, kazi inaendelea, na mimi ninakukumbuka bila uchungu mwingi kama wa mwanzo. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu mwenyewe.

Kwa hiyo sisi, Venansi rafiki yako na Felisita dada yako, tunaomba utuamulie Alhamisi hii: ng'ombe asimame mlangoni pa binti yako, au asisimame.