Propela ya Oluoch

Milka wewe, shika simu! Fundi Naswa amekaa chini hapa karakana.

Jumatatu alimwaga propela mbili za boti, za aluminiamu. Mvua ilikuwa imenyesha na kalibu ya chuma ilikuwa baridi. Unamjua, lazima aipashe moto kwanza, la sivyo aluminiamu inashika mashimo ndani. Siku hiyo hakuipasha. Oluoch, yule mwenye boti, alikuwa amemsimamia mlangoni: "Fanya haraka bwana, abiria wangu watapanda za wengine!"

Na unajua vile Naswa hugonga kila kitu na nyundo ndogo kabla hakijatoka. Kizima hulia kama kengele ya kanisa. Ya Oluoch ilisema tu "du." Du, Milka! Na akaisikia. Akapiga tupa, akapaka rangi, akampa Oluoch akaenda nayo.

Sasa leo ile ya pili imemponyoka, ikaanguka sakafuni. Imekatika vipande viwili! Ndani ni mashimo mashimo, kama mandazi.

Amempigia Oluoch mara tisa, hapatikani. Tumepigia mama mmoja anauza samaki Luanda Kotieno, akasema boti ya Oluoch imeshaondoka kwenda Mbita. Imejaa watu, na ziwa limechafuka.

Naswa hata hanisikii. Anarudia tu, "Niliisikia, Jentrix. Niliisikia."

Milka, asubuhi mama yako aliniambia ameachwa na feri ya Mbita, atatafuta boti.

Alipanda ya nani?