Uliniambia Shule Haikunitaka

Mama,

Shikamoo. Nimekaa wiki tatu sitaki hata kulitaja jina lako, na leo nakuandikia kwa hasira. Sitaificha, maana katika nyumba hii mambo yamefichwa ya kutosha.

Nimekwenda shuleni, Mama. Shule ileile uliyoniambia hawanitaki tena.

Unakumbuka siku niliyoanguka mstarini, nikiwa kidato cha pili. Kifafa kilinishika mbele ya shule nzima, sketi ikalowa, na nilipozinduka ulikuwa umeshafika, umenifunika kanga yako. Siku chache baadaye uliingia chumbani kwangu, ukakaa kitandani, ukasema: "Wamekataa, mwanangu. Wanasema utawatisha wenzako. Tutasomea hapahapa, mimi na wewe." Nililia mpaka kichwa kikaniuma. Wewe pia ulilia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: ulilia na mimi, huku ukijua.

Basi tukasomea nyumbani. Wewe mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, ulinifundisha ulichokiweza, na fizikia ukanitafutia darasa la mtandaoni. Ile kompyuta iliyokwishatumika ukaiweka juu ya meza ya cherehani. Nisiseme uongo, nilifurahi. Mwalimu yule wa Dar alikuwa anaongea haraka mpaka ukauliza, "Huyu hapumui?" Vifaa vya maabara hatukuwa navyo, kwa hiyo tulifunga kufuli kwenye uzi, tukalining'iniza mlangoni, tukalisukuma lende lirudi. Mimi nashika simu kupima muda, wewe unahesabu kwa sauti. Ukifika kumi na kitu unacheka, unasema umepotea, tuanze upya. Nilikuwa nafanya makusudi kukuchekesha ili upotee.

Lakini sharti lilikuwa moja: kamera isiwashwe. Siku niliyoongoza darasa katika jaribio la umeme, mwalimu alisema, "Nyamizi wa Tabora, washa kamera tukuone, wenzako wakupigie makofi." Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Ukanyoosha mkono, ukaifunika kamera kwa kiganja. "Watu wa nje si wa kuwaamini, mayu," ukaniambia, ukiniita mama kwa Kinyamwezi chako kile ulichokitumia ukitaka nikubali bila kuuliza.

Nikakuamini wewe.

Presha ilipokuchukua tulikuzika Isikizya, nyumbani kwa bibi, kisha mama mdogo akahamia hapa kukaa nami. Ndiye aliyesema nikaombe shuleni nifanyie pale mtihani wa kidato cha nne, hata kama nimesomea nyumbani. Nilikataa. Alinishika mkono tukatembea kutoka hapa kwetu Isevya mpaka geti la shule, nimejiandaa kufukuzwa mara ya pili.

Mkuu wa shule aliitikia shikamoo yangu, akavua miwani. "Nyamizi? Mbona umechelewa hivi? Sisi tulikuwa tunakusubiri."

Akatoa faili. Ndani mlikuwa na nakala za barua tatu walizokuandikia. Walitaka nirudi. Walisema mwalimu wa malezi ameshaelekezwa hospitali cha kufanya nikianguka. Na nyuma ya ile ya tatu lilikuwa limebanwa jibu lako, kwa mwandiko wako wa ubaoni ambao ningeutambua popote: "Mtoto mwenyewe hataki kurudi. Naomba msitusumbue tena."

Kwangu ulisema wao hawanitaki. Kwao ulisema mimi sitaki. Miaka miwili, Mama.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za ofisi. Rehema akanikuta pale. Rehema wangu wa dawati moja, sasa ni mrefu kuliko mimi. Hakunikumbatia. Alisimama mbali akasema, "Nilikuja kwenu mara nne. Mama yako alisema hutaki kuniona." Mimi nilikuwa namchukia, nikidhani ananionea kinyaa. Kumbe naye alikuwa akinichukia hukohuko aliko. Nilipomwambia ukweli alikuja akakaa kando yangu.

Nilirudi nyumbani nikaigeuza picha yako ikatazama ukuta. Mama mdogo aliiona, hakuigusa. Alisema tu, "Aliogopa utaanguka yeye hayupo." Najua. Hata mimi najua hilo. Lakini ningeulizwa! Mwili ni wangu, kuanguka ni kwangu.

Sasa sikia kilichotokea.

Walinikubalia mtihani, na kila Jumamosi naingia maabara na kidato cha nne. Mara ya kwanza niliposhika waya na betri za kweli nilivipima kiganjani. Nilivijua vyote kwa picha, uzito wake sikuujua. Jumamosi ya tatu, nikiwa nasoma mkondo wa umeme kwenye ammita, nilisikia ile harufu ya chuma inayotangulia kifafa. Sikuwahi hata kumwita mtu.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Rehema. Msichana mmoja alipiga kelele, mwingine alicheka. Mwalimu akasema, "Sogezeni viti. Mtu asimtie kitu mdomoni." Rehema alinilaza ubavu, akaniwekea sweta chini ya kichwa, akatazama saa ya ukutani mpaka mwili ukatulia. Nilipofumbua macho sketi ilikuwa imelowa tena. Yule aliyecheka ndiye aliyevua sweta lake, akanifunga kiunoni, macho yake chini.

Nilipumzika kwenye benchi. Kisha nikauliza, "Ammita ilikuwa inasoma ngapi?" Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

Kile ulichokiogopa kimenipata, Mama, mbele za watu, na wewe hupo. Nikaamka. Ungeniacha, ningekuwa nimeamka hivyo mara nyingi, nawe ungekuwepo kuona.

Sijakusamehe. Nimejaribu kanisani, nimejaribu jikoni nikipika peke yangu, haijaja. Kuna siku nakukosa mpaka nashindwa kula, na siku hiyohiyo nakukasirikia. Mama mdogo anasema vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja. Labda.

Lala salama huko Isikizya. Sitakuja kaburini mpaka mtihani uishe, maana sitaki kusimama mbele yako nikijifanya sina neno. Ila nakuahidi hili: kuanzia sasa mtu akitaka kujua ninaumwa nini, nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akitaka kuondoka baada ya hapo, aondoke nikimwona.

Mwanao,
Nyamizi