Uji wa Naomie

Nyabiondo, tarehe 6 mwezi wa pili 2022

Binti yangu Pétronille,

Nakusalimu wewe, mume wako na watoto huko Walikale. Sisi huku Mungu anatushika, mihogo iko shambani, ila réseau ya simu imekufa tangu Noeli, njo maana nakuandikia. Barua nampa Benoît wa pikipiki. Ukikuta bahasha imefunguliwa uniambie, yule kijana simwamini.

Afya yangu si nzuri. Nimekonda mpaka nguo zinanivuka. Kiu hainiachi, nakojoa bila mwisho, nyayo zinachomachoma. Mwaka jana nilibeba mfuko wa maharagi hadi barabarani. Binti yangu, mimi nimelishwa karuho. Unajua ile sumu inavyomaliza mtu polepole.

Na anayenipikia ni nani? Kaka yako Noël yuko kwenye machimbo, nimebaki na mke wake. Naomie anaonja chakula mbele yangu kama desturi inavyotaka, sikatai. Lakini kwa nini anaonja kijiko kimoja tu? Kwa nini chakula changu kinatoka kwenye sufuria ndogo, bila chumvi? Chai ananipa kavu, anasema sukari imeisha, na jana nimeiona nyuma ya mfuko wa unga.

Nitafutie kwa wazee wa msituni dawa ya kutapisha. Noël asijue.

Papa yako,
Sebarenzi


Walikale, tarehe 21 mwezi wa pili 2022

Papa mpendwa,

Habari za siku? Sisi wazima, ila kichwa kinanigonga kila asubuhi, ni uchovu wa soko tu.

Nimelia niliposoma barua yako, kisha nikakasirika. Yule mwanamke sikumpenda tangu siku ya mahari. Anaongea kidogo mno.

Hili gome nimepewa na mzee anayeheshimika huku. Lichemshe, unywe kabla ya kula. Karuho ikiwa tumboni itatoka, utaiona kwa macho. Na tangu leo ukale kwa shangazi Euphrasie.

Binti yako,
Pétronille


Nyabiondo, tarehe 13 mwezi wa tatu 2022

Binti yangu,

Amani iwe nyumbani kwako, na kichwa kikuache. Gome limefika. Nimetapika mpaka nikaona nyota, na hakuna kilichotoka ila maji. Shangazi yako anasema basi karuho imeshaingia kwenye damu.

Alhamisi nimemkuta Naomie jikoni anasaga kitu cheupe kwa mgongo wa kijiko, anakimwaga kwenye uji wangu. Nikamshika mkono. Akasema: "Papa, ile iko dawa ya tension na ya sukari. Muganga alikupimaka kwa kituo, ukazitupa, ukasema tension njo ugonjwa ya batajiri. Ningefanya je?"

Ni kweli walinipima presha ya damu na sukari. Ni kweli nilizitupa, kwa sababu sikuwa naumwa popote. Lakini dawa ya kweli inafichwa kwenye uji? Wazee wa familia wamekaa, wamekata neno. Amerudi kwao Mweso na mtoto mgongoni.

Sasa nakula kwa Euphrasie, samaki wa makayabu wenye chumvi na chai tamu, na najisikia mwanaume tena.

Papa yako,
Sebarenzi


Walikale, tarehe 8 mwezi wa tano 2022

Papa,

Nakusalimu kwa heshima. Uko namna gani? Usinijibu kwamba ni sawa tu, niambie kweli.

Kichwa kilizidi, nikaenda kupimwa. Tension yangu iko juu, na sijafika hata miaka arobaini. Muuguzi, dada Bénédicte, aliuliza nani nyumbani anayo. Nikamweleza juu yako, kukonda, kiu, nyayo. Kisha akasema tension na sukari haziumi mwanzoni. Zinafanya kazi kimya miaka na miaka, zinaharibu mishipa, na zikikaa pamoja kwa mtu mmoja, hatari ya moyo inakuwa kubwa kuliko ya moja peke yake. Moyo unasukuma kwa nguvu mpaka unanenepa kama mkono wa mlimaji. Tofauti ni kwamba mkono unapumzika jioni.

Nilimshuku naye. Nilifikiri anataka kuniuzia kitu, lakini aliniambia tu nipunguze chumvi. Amesema pia kwamba kule kutapika kungeweza kukuua, na gome nilikutumia mimi.

Papa, kuficha ilikuwa vibaya. Lakini alichoficha kilikuwa dawa. Nenda ukapimwe tena. Chai ile uiache.

Binti yako,
Pétronille


Walikale, tarehe 2 mwezi wa saba 2022

Papa,

Salamu za nyumba nzima, na afya yako ndiyo tunaulizia kwanza. Nimeandika tena na tena, hakuna jibu. Nilidhani Benoît anazitupa barua, anaapa amekupa mkononi. Je, shangazi anazificha? Au umenikasirikia kwa kumtetea Naomie? Kasirika, lakini niandikie. Naogopa.

Pétronille wako


Nyabiondo, tarehe 19 mwezi wa tisa 2022

Binti yangu,

Pokea salamu za mgonjwa anayepata nafuu kidogo. Huu si mwandiko wangu, umeshaona. Naandikiwa na Naomie.

Barua zako zote nilizipata. Sikutaka kujibu, nilikuwa na hasira nawe. Kisha pumzi ikaanza kukatika nikipanda mlima, miguu ikavimba, na siku moja nikaanguka nikitoka kanisani. Hospitalini Masisi daktari amesema moyo umekuwa mkubwa na umechoka, na kwamba haya hayakuanza mwaka huu. Dawa zitausaidia, ila moyo wa zamani haurudi. Sasa nalala nimeegemea mifuko, na nikikaa kuandika pumzi inakwisha.

Nilimtuma Noël Mweso. Naomie alikataa, akakataa tena. Mwisho amekuja kwa sharti moja, vidonge aviweke mkononi mwangu, mchana, watu wakiona.

Sikufichi, mashaka bado ninayo. Nimemwambia anisomee alichoandika, kisha nikamwita shangazi yako asome pia. Ni maneno yangu.

Nilimwambia aandike kwamba alinikosea kwa kuficha dawa. Ameandika, umeona. Kisha nikamtajia neno lingine, la kosa langu mimi kwake, ili nalo likufikie wewe. Hapo amesimamisha kalamu. "Ile siandike, Papa. Ile uniambie miye."

Basi naishia hapa, kwa sababu ananingoja.

Papa yako,
Sebarenzi