Muhoza, Gaju Ingali Lubondja

Leo mwaka umetimia, Muhoza, tangu ulifunga macho hapa Baraka, mu nyumba yetu ya bâche, turubai tupu, mama akiwa amekushika kichwa. Batu bangali banatuuliza kama ilikuwa risasi. Kijana wa ku mulima akikufa, banafikiri kwanza risasi. Tunabaambia apana, ilikuwa malaria, na banatuangalia sawa vile tumebadanganya.

Ulikuwa mutoto wa kwanza wa Nsengiyumva na Mukabera, na wa kwanza mu kijiji yetu kuingia mu département ya biologie ya chuo kikuu kule Uvira. Siku ulituambia unaenda kusoma biologie, mama aliuliza kama utakuwa munganga. Ukasema apana. Mwalimu? Ukasema labda. Akauliza sasa iyo biologie inafanya nini. Ukamwambia utasoma kupe. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alisema kama ni kupe, hata ng'ombe zingekufundisha bila minerval, bila kulipa masomo.

Kule Uvira mulikaa chumba kimoja na Roger, mwenzako wa promotion, mulianza masomo mwaka moja. Roger njo alitusimulia mengi, juu wewe ulikuwa haujisifu. Anasema machupa yako ya kupe, zenye kulala mu alkoli, zilipanga mustari pembeni ya chumvi na pilipili, na kila magaribi, mbele ya kutia kitu mu sufuria, ilikuwa lazima aombe ruhusa: "Docteur Kupe, hii ni ya kula ao ni ya kusoma?" Jina likabaki. Hata ba prof balianza kukuita vile.

Mu labo yenu kulikuwa microscope moja tu yenye ilionesha muzuri, na promotion nzima ilifanya mustari nyuma yake. Wewe ulingojaka mpaka bote baondoke, njo unakaa. Umeme ikikatika, unaisogeza ku dirisha ikamate jua. Mwaka wa mwisho balikupa kazi ya kuongoza TP, masomo ya mu labo, ya banafunzi bapya. Banasema ulikuwa mukali, hautake kelele, hautake kucheka mu labo. Lakini mwenye alikuwa haone kitu mu microscope, ulikaa naye mpaka aone, hata kama bengine bameenda kula.

Kila likizo ulipanda mulima na ile ka pince kako, ka koleo kadogo. Ulitoa kupe mu masikio, chini ya mukia, kila fasi ng'ombe haipende kuguswa, na baba alikushikia pembe. Hakuelewa juu ya nini muntu atoe kupe kisha aichunge sawa vile mbegu, lakini alishika. Pale tu ulianza kuhesabu ng'ombe kwa sauti, alikukamata mukono.

"Kwetu ng'ombe hazihesabiwe, kijana. Unataka zipunguke? Ita majina."

Ukamwambia prof anataka hesabu. Baba akasema basi prof akuje mwenyewe, atamupa mahindi ahesabu. Njo ukaandika majina, na baba akashika pembe tena.

Kisha mambo ikaharibika, batu ba bunduki bakaanza kuiba ng'ombe ku mulima. Majirani balianza kushusha ng'ombe ku soko, banauza bei ya kulia. Batu balikuja kumuambia baba auze naye mapema, kabla hajakosa byote. Baba alibajibu bote jibu moja: mutoto iko anasoma juu ya hizi ng'ombe, imebaki mvua moja. Wewe njo ulikuwa umemuambia kama unakosa majira ya mvua, kazi yote imeanguka. Baba hakuuliza mara mbili. Ulikuwa haujue kitu gani kinakuja, na yeye hakujua. Mvua ilikuwa ingali inanyesha wakati batu ba bunduki balifika kwetu. Balienda na zizi nzima. Sisi tulishuka Baraka na miguu, na bitu byenye tulikuwa tumevaa.

Ng'ombe yenye ilibaki ni Gaju, ile mutamba ya rangi ya udongo. Ilikuwa imeumia mguu, na baba alikuwa ameiacha Lubondja kwa Placide, mulimaji, rafiki yake tangu habajaota ndevu. Juu ya mguu mubaya, njo ikapona.

Siku ya défense yako, ya kutetea kazi mbele ya ba prof, baba alisafiri mpaka Uvira. Alivaa koti ya kuazima, akakaa nyuma kabisa, kofia ku magoti. Ulisema Kifaransa wakati murefu, baba hakusikia kitu. Kisha muzee moja wa jury, wa bale ba prof ba kukupima, akakuuliza ng'ombe za kusomea zilikuwa ngapi. Roger anasema haukutoa hesabu. Uliangalia nyuma, ukamuona baba. Njo ukaanza kuita: Bihogo, Sine, Gaju, na zingine zote, moja moja, sawa vile uko mulangoni mwa zizi magaribi. Banafunzi balikufa na kucheka. Jury nayo ikacheka, na ule muzee akawa anahesabu na vidole. Baba peke yake hakucheka. Kifaransa haikumufikia, lakini majina yalimufikia yote, na zenye majina, kutosha Gaju tu, zilikuwa zimeenda.

Ulipata distinction, alama ya juu. Mémoire yako, kile kitabu ya kazi yako, njo ilishinda zote mu département ule mwaka. Balikumwangia poudre nyeupe ku kichwa mpaka ukawa muzee wa mvi, na prof wenu akamuambia baba kwa Swahili yake ya kuvunjika kwamba utabaki pale, utakuwa assistant, musaidizi wa ba prof. Baba alimushukuru na mikono mbili. Mu njia ya kurudi, pale tu muliona manyumba ya Baraka, akakuambia, "Ulizitaja muzuri." Ulitusimulia ile neno mara mingi kuliko distinction.

Ulikuja kwetu kungoja ile kazi. Mu quartier, mutaa yetu, batu balikuwa na mudomo. Balisema mutoto wa Nsengiyumva alikula zizi na masomo. Balisema kwa kucheka, lakini ulibasikia. Uliacha kukaa inje. Kisha homa ikakukamata, na ku kituo ya santé, ya afya, bakasema damu imepunguka, tukupeleke mbio ku hopitali kubwa. Hatukuwa na kitu. Baba akamuambia Bisogo, mudogo wako, awashe pikipiki ya jirani aende Lubondja, Placide auze Gaju mbele ya jua kuingia.

Ulikuwa umelala, tulifikiri hausikie.

"Baba, usiuze," ulisema. "Nilimaliza zizi yako yote. Iyo moja ikubakie."

Baba akasema ng'ombe si muntu.

"Dawa nimekunywa. Mi njo nasomaka haya magonjwa. Kesho nitasimama."

Pikipiki ilikuwa inanguruma mbele ya mulango. Mama alikuwa analia. Baba alisimama, akakuangalia, akaangalia inje, akakuangalia tena. Sisi bote mu ile nyumba, hakuna mwenye alikuwa amesoma kukupita. Nani atabishana na muntu wa distinction juu ya homa? Ulikuwa umesoma kupe, Muhoza, lakini kwetu ilikuwa kitu kimoja: umesoma. Baba akamuambia Bisogo azime.

Kesho haukusimama. Kesho kutwa, batu bakiwa mu kanisa banaimba, tukakupoteza.

Kule Uvira balimuweka mwengine assistant. Hatubalaumu, kazi haingoje mufu. Roger anasema machupa yako ingali mu kabati ya labo, jina yako ku karatasi, na banafunzi bapya banajifunza nayo. Alifikiri itatufurahisha. Mama alimushukuru, akaingia ndani.

Baba ule ulimujua hayuko tena. Anakaa mbele ya nyumba, anaangalia bamama banapita na mabeseni ya ndagala, dagaa ya ziwa, anakunja pua. Mama anamuambia, Gaju iko, tunaweza kuanza tena, zizi zote zilianzaka na moja. Baba anamuuliza ianze juu ya nani.

Mwezi uliopita Placide alishuka kutoka Lubondja na kibuyu ya maziwa. Gaju ilizaa. Placide unamujua, anaingia na mchezo mbele ya salamu.

"Muzee Nsengiyumva, ng'ombe yako inaniuliza habari zako kila asubui. Nimemaliza uongo ya kuiambia."

"Si yangu. Ni ya Muhoza."

"Muhoza alikuachia wewe."

"Aliniachia ng'ombe, yeye akaenda," baba akasema. "Sasa Placide, iyo maziwa itapita wapi mu shingo yangu?"

Placide aliweka kibuyu ku mulango. Alikaa. Baba akamuambia achukue Gaju na mutoto wake, ziwe zake, asilete tena habari. Pale Placide alikasirika. Alisema ameichunga wakati batu banakimbia, aliificha hata mu shamba yake ya mihogo, hakufanya vile apate mali ya mufu. Alisema batoto bake batachekwa Lubondja nzima kwamba baba yao alitajirika ku kilio ya rafiki. Akasimama, akaenda bila kuaga. Kibuyu ikabaki ku mulango. Mama alitaka kumupa Gatesi, mudogo wako, akunywe, juu Gatesi amekonda. Baba hakukataza. Gatesi mwenyewe alikataa. Maziwa ikaharibika pale, tukaimwanga.

Tulitaka kukuandikia bizuri tu, namna batu banaandikaka. Hatuna. Ulitaka baba abaki na ng'ombe moja, ukatoa kila kitu ulikuwa nacho juu ya ile, na baba hakubaki nayo. Placide anasema ni ya baba. Baba anasema ni yako. Iko kule Lubondja na mutoto wake, inakula majani, na hakuna mwenye anaenda kuiita.

Benye banakukumbuka: baba yako Nsengiyumva, mama yako Mukabera, badogo zako Bisogo na Gatesi, Roger na promotion yenu yote ya biologie, na Placide na jamaa yake ku Lubondja. Jumapili hii tutaomba pamoja mu kanisa ya hapa Baraka. Mwenye alikujua akuje, hata kama hana la kusema.

Kukusahau, Muhoza, tulijaribu, juu kukukumbuka kunachosha. Hatukuweza, na hatutaweza.